Herufi za Harusi

Kadi ya harusi ikinifikia mkononi, mimi huinusa kwanza. Wanangu wamezoea kunicheka, wanasema mama yao anapokea mwaliko kama mtu anayechagua samaki sokoni. Wacheke tu. Kadi nzuri, ile ya karatasi ngumu na laini, ina harufu ya wino, na wino wowote, hata huu wa mashine za siku hizi, una kitu kidogo cha masizi ndani yake. Nikikipata hicho kidogo, sipo tena Tanga. Nipo kibarazani kwa bibi yangu, juu ya Lushoto, upande wa njia iendayo Shume, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, na mikono yangu imekuwa myeusi mpaka viwikoni.

Masizi yale tuliyakwangua wenyewe, sisi watoto wa chuo, yaani madrasa. Kila mmoja alikuja na masizi ya vyungu vya kwao, kayafunga kwenye jani la mgomba. Bibi aliyasaga, akayachanganya na maji na gundi ya mti wa muwati, ile inayotoka ukilijeruhi gome. Kalamu zilitoka kwenye mitete ya bondeni, na alizichonga yeye, kwa kisu ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Ncha aliikata mshazari, ili ukivuta huku mstari unenepe, na ukivuta kule ukonde hadi uwe kama unywele. Hapo ndipo ilipokuwa kazi yote. Bibi hakuanza kwa kutazama tumeandika nini. Alitazama wapi tumenenepesha na wapi tumekondesha, na aliyekosea alifuta ubao wake na kuanza upya, hata kama neno lenyewe lilikuwa sahihi.

Jina lake Bi Hidaya, mama yake baba. Ualimu aliurithi kwa baba yake, na nusu ya watu wazima wa kitongoji chetu walipitia kwenye mkeka wake. Kishambaa kilikuwa lugha yake ya nyumbani na ya kugombeza. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, cha kitabuni, na alikiandika kwa herufi za Kiarabu. Barua za ukoo, za mahari, za misiba, za kuulizia hali ya mgonjwa aliyelazwa Bumbuli, zote zilipita mkononi mwake. Mtu akipata barua ya namna hiyo kutoka Pangani au Korogwe, alikuja kwake kusomewa, na aliondoka ameshaandikiwa na jibu.

Basi ikaja miaka ile ya Ujamaa, na pamoja nayo kisomo cha watu wazima. Vijana wawili walipita nyumba hadi nyumba wakiuliza nani anajua kusoma na nani hajui. Bibi aliwakaribisha, akawapa viti, akajibu kwamba anajua. Wakamwomba aoneshe. Akaingia ndani, akatoka na barua aliyokuwa akimwandikia dada yake, ya Kiswahili kitupu, nzuri, yenye mistari iliyonyooka. Kijana mmoja aliipokea kwa mikono miwili, akaishika kichwa chini miguu juu, akaitazama kwa heshima, akasema, "Nzuri sana, Bibi." Kisha akamwandika miongoni mwa wasiojua.

Darasa lilikuwa kwenye banda la ushirika, lile la kukusanyia mboga, na lilinuka kabichi mwaka mzima. Mwalimu alikuwa binti kutoka Muheza, Mwalimu Agnes, mchangamfu, mwenye baridi ya kudumu. Alivaa sweta mbili, na siku za ukungu akaongeza kitenge juu yake. Ukutani alibandika karatasi kubwa yenye herufi nyeusi, za wazi, zenye unene ule ule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sisi watoto tulichungulia kwenye nafasi za mbao, kwa sababu hakuna kitu kinachofurahisha kama kuwaona wakubwa wakiulizwa maswali na kukosa majibu.

Bibi alikwenda siku moja tu. Aliporudi alivua viatu, akakaa, akanitazama mimi kana kwamba ndimi niliyezitengeneza herufi zile.

"Ni fito," alisema. "Mtu amekata fito, akazipigilia misumari. Hakuna mkono pale. Unawezaje kusoma kitu ambacho hakikuandikwa na mkono?"

Hakurudi tena darasani. Jumanne ikapita, Alhamisi ikapita, na ndipo alipokuja Mzee Saguti, balozi wetu wa nyumba kumi. Mzee Saguti alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, lakini alipofika kwa Bibi alisimama nje ya kibaraza kama tulivyosimama sisi tukichelewa chuo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Pita."

"Hapa hapa panatosha, Mwalimu. Mimi nimetumwa tu. Wakubwa wanasema, mtu ambaye hajafaulu mtihani wa kisomo hawezi kuachiwa watoto wa kufundisha. Wanasema usipofaulu, watoto watahamishiwa chuo cha kule chini barabarani."

Bibi hakupandisha sauti. "Saguti, nani alikufundisha kusoma?"

"Ni wewe, Mwalimu."

"Na huo mtihani wao, wewe umefaulu?"

"Bado, Mwalimu. Niko darasa la Jumanne."

Mimi nilicheka, nikatupiwa jicho, nikanyamaza. Lakini Mzee Saguti alipoondoka niliona Bibi amekaa na kisu chake mkononi na mtete asiouchonga. Jioni ile bada yake, ugali wa muhogo, ilipoa kwenye sahani. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba mtu mzima anaweza kunyang'anywa kitu, na niliogopa. Chuo kile ndicho kilichokuwa Bibi. Bila sisi kwenye mkeka sikujua asubuhi yake ingekuwaje.

Jumamosi baba alirudi kutoka kwenye mbao zake Shume, ana unga wa mbao hadi kwenye nyusi, na mfukoni ana bahasha aliyokabidhiwa na kondakta wa basi la Tanga. Mtoto wa binamu yake alikuwa anaolewa. Huko kwetu harusi ilitangazwa kwa mdomo, mtu anatumwa, anakula, anasema, anaondoka. Kadi ya kuchapwa ilikuwa jambo geni, na kila mtu aliishika kwa ncha za vidole. Baba aliisoma kwa sauti: Zubeda na Athumani, tarehe, mahali, karibuni sana. Kisha akampa Bibi, kwa adabu tu, maana alijua hawezi kuisoma.

Bibi aliipeleka mlangoni penye mwanga. Akaiinamisha huku, akaiinamisha kule. Akaipitishia kidole. Baba akaanza kuvua buti.

"Huyu anaijua kalamu," alisema mwishowe.

Nikaenda kutazama anachokitazama. Leo naweza kukieleza vizuri zaidi. Yalikuwa yale majina mawili makubwa katikati ya kadi. Kila herufi ilisimama kwa mguu mmoja mnene, mweusi, ulionyooka kabisa, na mahali mguu ule ulipoungana na mwingine palikuwa na mstari mwembamba mno, unywele tu, kama vile mwandishi alikuwa amebana pumzi. Chini na juu ya kila mguu palikuwa na kijistari kingine chembamba, kimelala, kama kizingiti. Herufi za mviringo zilinenepa mbavuni, kisha zikakonda zikakutana juu na chini kwa unywele ule ule. Hakuna cha katikati. Ama nene, ama nyembamba, na weupe wa karatasi ulikaa kati yake umetulia.

"Mama, hii ni mashine," baba alisema. "Hakuna aliyeandika. Inachapwa."

"Na mashine ilifundishwa na nani?" Bibi aliuliza. "Tazama hapa. Kalamu imeshuka, ikanenepa. Hapa imepita, ikakonda. Lakini huyu halazi kalamu kama mimi. Ameinyoosha." Akaenda kuchukua wino.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwalimu wa bibi yangu, nikiwa darasa la nne, meno bado hayajakamilika. Baada ya sala ya alasiri tulikaa kibarazani na kadi ya Zubeda. Mimi nilitaja sauti, yeye aliandika. Mkono wake uliozoea kutoka kulia kwenda kushoto uligoma siku za mwanzo; ulikwenda, ukasita, ukataka kurudi kwao. Ilibidi achonge kalamu mpya, ncha imekatwa sawasawa, aishike bila kuizungusha. Lakini baada ya hapo alikwenda mbio. Herufi ambazo kadi haikuwa nazo alinitaka nimchoree kwa penseli, zile za shuleni, halafu akaziangalia kwa huruma. "Lete mifupa," aliniambia. "Nyama nitaitia mwenyewe." Akaitia. Zikaja nene na nyembamba, na ungedhani zimetoka kwenye mashine ile ile ya Tanga.

Alirudi darasani na karatasi zake, na Mwalimu Agnes alipoziona alikaa chini. Akina bibi wengine wakazizunguka. Walikuwa wamechoka na karatasi ya ukutani, na hapa palikuwa na kitu cha kupendeza, tena cha mwenzao. "Herufi za harusi," wakaziita, na wakataka wafundishwe hizo na si nyingine. Bi Mwanaisha, shoga yake Bibi tangu utoto, alitembea na jina lake lililoandikwa kwa herufi zile amelifunga kwenye pindo la kanga. Wiki nzima mkeka wetu ulikuwa na wanafunzi wa aina mbili: asubuhi watoto, jioni bibi zao. Mimi nilijiona mkubwa sana.

Vitabu vya kisomo vilikuwa vichache, kimoja kwa watu wengi. Bibi akajitolea kuwanakilia wenzake somo zima, lile la mbolea na kupanda mahindi kwa mstari. Karatasi nzuri hatukuwa nayo. Tulikuwa na karatasi za kaki zilizofungiwa sukari dukani, nikazinyoosha kwa magoti. Ili somo litoshe, aliandika herufi ndogo ndogo, maneno yamebanana, kwa mtindo ule ule wa harusi, maana alisema wenzake wanastahili kilicho bora.

Siku ya kugawa karatasi zile ukungu uliingia bandani hadi kwenye mabenchi. Bi Mwanaisha aliishika yake mbali, akaishika karibu, akaigeuza.

"Hidaya," alisema, "mimi naona uzio tu."

Wengine nao wakaona uzio. Mistari myembamba ilikuwa imezama kwenye kaki, haipo. Iliyobaki ni miguu minene, imesimama safu kwa safu, huwezi kujua wapi n inaishia na wapi u inaanza, m ni nguzo tatu zisizo na paa. Mwalimu Agnes, kwa nia njema, akawaambia waache karatasi zile, wafungue kitabu chenyewe. Hapo ndipo mambo yakaharibika kabisa. Herufi za kitabu, ndugu wa zile za ukutani walizoziacha mapema, hawakuzifahamu. Waliyoizoea wao ilikuwa a yenye kofia juu ya tumbo, na g yenye macho mawili. Hizi za kitabu zilikuwa watu wengine. Na mtihani ulikuwa wiki inayofuata.

Bi Mwanaisha alilia. Alilia bila sauti, akijipangusa kwa kanga. "Umetufundisha kusoma harusi tu," alimwambia Bibi, na hakuna aliyecheka.

Nilimsindikiza Bibi kwa Mwalimu Agnes jioni ile. Nilijua anachokibeba: sasa haikuwa chuo chake peke yake, alikuwa amewaponza na wenzake. Mwalimu Agnes alikuwa akimenya viazi, sweta mbili mwilini.

"Mwanangu," Bibi alisema kabla hata ya kukaa, "nimekosea. Niambie nimekosea wapi."

Mwalimu Agnes alifuta mikono, akachukua gazeti kuukuu lililokuwa limetandikwa mezani, akalifungua mbele ya Bibi. Juu kabisa palikuwa na kichwa cha habari, maneno machache, makubwa, na yalikuwa ndugu zake Zubeda na Athumani: miguu minene, nywele nyembamba, vizingiti. Chini yake habari yenyewe ilijipanga kwa herufi ndogo, ngumu, zisizokonda popote.

"Umeona, Bibi? Zile nzuri wameziweka juu, zina nafasi, zinapumua. Hizi za chini ndizo zinazofanya kazi." Akasita, akitafuta namna ya kusema bila kukosa adabu. "Ile kanga yako ya harusini, Bibi, huivai ukienda kupalilia."

Bibi alilitazama gazeti. Nikaona mabega yanaanza kutikisika, nikadhani analia naye. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika meza. "Masikini wenzangu," alisema, "nimewapeleka shamba na kanga za harusi!" Kisha akajipangusa macho na kukaa. "Haya. Nifundishe hizo fito."

Zilikuwa siku chache na za taabu. Bibi aliwafundisha wenzake upya, safari hii akiwa yeye mwenyewe hatua moja tu mbele yao, na alikiri hivyo mbele ya kila mtu. Herufi zilizonyooka aliziandika kubwa kwa mkaa ukutani mwa banda, na aliacha kuzitukana. Siku moja nilimsikia akimwambia Bi Mwanaisha kwamba hizi zina miguu ya kupanda mlima. Ukungu unazipita, karatasi mbaya inazipita, macho ya uzee yanazipita, na bado zipo. Hakusema ni nzuri. Alisema zinafika.

Na zile za harusi Mwalimu Agnes hakuziacha zipotee. Wageni wa mtihani walipokaribia, alimletea Bibi shuka jeupe na kumwomba aandike neno moja tu, KARIBUNI. Bibi alichonga mtete mpana kuliko yote niliyowahi kuiona, akatandika shuka sakafuni, akaandika herufi zenye urefu wa mkono wangu, na baina yao akaacha weupe mwingi. Lilipotundikwa mbele ya banda, miguu ile minene ilionekana tangu kule mtoni bondeni, na ukisogea ndipo nyembamba zinapojitokeza, moja moja. Watu walisimama kulitazama. Hata mimi niliyelala na harufu ya wino ule mwezi mzima, nilisimama.

Walifaulu. Bi Mwanaisha alifaulu na akatusumbua wote, maana kutoka siku ile alisoma kwa sauti kila gunia la mbolea lililopita njiani. Mzee Saguti alifaulu. Bibi alifaulu. Mkutano uliitishwa bandani, na Mzee Saguti, akiwa amevaa koti, alisimama akasoma majina, na alipofika kwa Bibi akasema kama alivyoagizwa kusema kwa wote: "Bi Hidaya, ambaye alikuwa hajui kusoma, sasa anajua."

Makofi yakapigwa. Katikati ya makofi, mtoto mmoja wa chuo chetu, mdogo kabisa, aliyekuwa bado anafundishwa alifu, akauliza kwa sauti iliyosikika banda zima: "Kwani Mwalimu alikuwa hajui?"

Makofi yakapungua. Mzee Saguti akatazama viatu vyake. Bibi alisimama taratibu, akatengeneza ushungi.

"Nilijua za kutoka kulia," alimwambia mtoto yule. "Sasa najua na za kutoka kushoto. Uliza hawa wangapi wanajua zote mbili."

Watu walicheka, makofi yakarudi, makubwa kuliko ya kwanza, na mambo yakaishia hapo. Chuo hakikufungwa. Kesho yake asubuhi tulikuwa kwenye mkeka, na aliyenenepesha pasipotakiwa alifuta ubao wake.

Nilikuwa mtu mzima, nimeshaolewa na kuhamia Tanga, nilipoanza kusumbuliwa na siku ile ya makofi. Nilikutana na mchapaji mzee aliyenionesha sanduku la herufi zile zile, za madini ya risasi, akanitajia jina lao la kigeni ambalo nimelisahau, akanieleza kwamba yeye huziweka kwenye kadi, kwenye jalada la kitabu, kwenye jina la duka la dhahabu, na haziweki kamwe kwenye habari ndefu wala karatasi mbovu. Nilimwambia nayajua hayo, nimefundishwa kwa viazi na gazeti. Tulicheka. Lakini nilitoka pale nikimfikiria Bibi.

Utotoni nilidhani Bibi alizipenda herufi za kadi kwa sababu zilikuwa nzuri. Nilidhani pia kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, na nilijisifia shuleni. Sikuona kwamba mwanamke aliyekuwa amesoma na kuandika tangu utoto wake alikuwa ameambiwa, mlangoni kwake, kwa upole, kwamba yote yale hayakuwa kitu. Kila mmoja wetu alikuwa upande wake. Baba alimpenda, Mwalimu Agnes alimheshimu, Saguti alimwogopa, mimi nilimshika mkono. Hata hivyo hakuna hata mmoja kati yetu aliyemwambia, kabla ya mtihani, "Mwalimu, wewe unajua kusoma."

Ilibidi aambiwe na kadi ya harusi ya watu wengine, iliyomwonesha kalamu anayoijua.